Halua Haikatwi Ikiwa Moto

Shemeji yangu Bwanaheri alilisema barazani baada ya isha,
dele la kahawa halijamaliza duru:
"Ini la mafuta? Hilo ini la mlevi."
Wawili wakacheka. Wa tatu akatazama kikombe chake.

Mimi sijaonja tembo tangu nizaliwe,
hata lile tamu la alfajiri ambalo Kahindi mgema
huniapia kwamba halihesabiwi.
Nilichoonja ni halua.
Miaka thelathini na moja, kila sufuria, ncha ya mwiko,
kujua kama iliki imekolea, kama samli imekubali
au bado imenuna pembeni.

Kuna maneno yanayokata maini.
Lile lilikata langu
kabla daktari yeyote hajaligusa.

Swafiya binti yangu alikuwa amenisimulia ya zamani:
sindano ndefu ipenye mbavuni, inyofoe chembe ya ini
kama mtoto anayedokoa nyama chunguni,
kisha ulale ubavu mmoja saa nyingi
ukiomba damu isitoroke.
Usiku ule nilipika halua mbaya. Iliungua chini.

Chumbani nilimkuta Dama, msichana wa Gede,
sauti yake ya mtu aliyezoea wanaume waoga.
"Panda, mzee. Mkono wa kulia nyuma ya kichwa."
Kisu kiko wapi?
"Hapa hakuna kisu."
Akanipaka jeli. Baridi yake ilinitoa "Yaa Latifu!"
hata foleni ya nje ikanyamaza.

Kwanza picha.
Ini langu kwenye skrini, jeupe kuliko figo jirani yake,
linang'aa kama karatasi iliyofungiwa halua
ikasahauliwa dirishani.
"Mng'ao huo ndio mafuta," akasema.
Nami miaka yote nilidhani ndani yangu kuna giza.

Kisha chombo cha pili, ncha yake kama kifundo cha kidole.
Akakiweka kati ya mbavu mbili. Tak.
Kikanidona. Tak. Kidogo tu,
kama mtu anayebisha mlango wenye mgonjwa.
"Kinatuma mtikisiko, halafu kinasikiliza unavyosafiri.
Ini laini, unakwenda polepole.
Ini lenye makovu, unakimbia."

Nikacheka, jeli ikanitiririkia kwapani.
Kwani mimi nafanyaje?
Halua haikatwi ikiwa moto, itakuaibisha.
Nagonga ubavu wa sufuria kwa ukucha,
nautazama uso wake:
ukitikisika kwa muda mrefu, bado;
ukitikisika kidogo ukatulia, shusha.
Baba alinifunza nina miaka tisa
na wala hakuiita kilopaskali.

Tak kumi.
Sita nukta nne.
"Mafuta yapo, tena mengi. Ugumu wa makovu, hapana.
Daktari atakueleza, ila ini lako..."
Akatafuta neno.
"Bado linatikisika," nikamsaidia.

Sasa nina mwiko mkononi na mwiko mdomoni.
Anayeonja ni Swafiya, naye mkono wake ni mzito kwenye iliki;
wateja wa Shela wameanza kunung'unika.
Jioni natembea hadi Maweni na kurudi,
jasho linanuka samli ya mwaka juzi.
Baada ya miezi sita nikagongwe tena.

Jana Bwanaheri amekuja kuagiza ratili nane, harusi ya mwanawe.
Alisimama mlangoni akizungumzia bei ya samli,
bei ya samli tu,
kitambi kimeisukuma kanzu mbele,
kiganja kikisugua chini ya mbavu za kulia,
kikisugua, kikisugua.
Neno nilikuwa nalo. Nililinoa tangu siku ile ya baraza.
Nikaligeuza ulimini, likawa bado moto.

Nikachana kipande cha karatasi ya halua, nikaandika:
chumba namba saba, muulize Dama, hakuna kisu.
Nikamfungia na risiti.

Habari ya jeli sikumwambia.